Jina la Imani Lilipogeuzwa Jina la Rangi

Katika Kanisa jina si kitu kidogo. Mtu huitwa kwa jina lake anapobatizwa, na siku ya maziko yake hutajwa kwa jina hilo hilo mbele za Mungu. Kwa sababu hiyo inatupasa sisi Wakristo kuyaangalia kwa makini majina ambayo watu huwapa wenzao, hasa yale ambayo huwaita watu wengi kwa mara moja, kabila zima au rangi nzima. Katika insha hii tunafuata historia ya machache kati ya majina hayo, jinsi yalivyopita kutoka lugha moja ya Ulaya kwenda nyingine na kubadilika maana njiani. Tunaanza na neno ambalo Wazungu walilikuta katika pwani yetu. Lilikuwa neno la imani kabla ya kuwa neno la rangi.

Neno kafiri

Neno kafiri limetoka Kiarabu. Shina lake lina maana ya kufunika au kuficha, na kwa hiyo kuikana neema ambayo mtu amepewa. Katika shina hilo hilo tumepata neno kukufuru, ambalo limo katika Biblia yetu ya Kiswahili, na neno kafara, yaani sadaka ya kufunika kosa. Kwa Waislamu wa pwani, kafiri alikuwa mtu asiyeiamini dini yao. Rangi haikuhusika. Mzungu aliweza kuwa kafiri, na Mhindi, na Mmakonde. Tena mtu aliyekuwa kafiri asubuhi aliweza kuacha kuwa kafiri kabla ya jua kutua. Akitamka shahada, jina lilimtoka. Lilikuwa jina la hali, na hali ina mlango wa kutokea.

Hatusemi kwamba jina hilo halikuwa na uchungu. Sheria ya Kiislamu ilikataza kumtia utumwani Mwislamu aliye huru. Aliyeitwa kafiri hakuwa na kinga hiyo. Wayao, Wamakua na Wamakonde wengi walifikishwa Kilwa na Unguja wakiwa wamefungwa. Lakini Wakristo hatuna nafasi ya kuwanyoshea wenzetu kidole. Mwaka 1452 Papa Nikolao wa Tano alimpa mfalme wa Ureno hati ya kumruhusu kuwatiisha Waislamu na wapagani na kuwafanya watumwa wa daima. Pande zote mbili zilifanya kutoamini kuwa sababu ya kumtia mtu minyororo.

Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, na Wareno waliomfuata wakalizoea neno hili kutoka kwa watu wa miji ya pwani, ambao waliwaita hivyo watu wa bara wasio Waislamu. Wareno wakalichukua na kulitamka cafre. Ajabu ni kwamba, kwa maana yake ya asili, wao wenyewe walikuwa makafiri machoni pa watu wa Kilwa na Mombasa. Hawakujihesabu humo. Mwislamu walimwita mouro, na Mwafrika asiye Mwislamu wakamwita cafre. Basi hapo, katika kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, neno lilianza kuacha swali la imani ya mtu na kushika swali la rangi ya ngozi yake.

Kutoka kwa Wareno neno lilisambaa. Waholanzi waliofanya makao katika Rasi ya Tumaini Jema tangu mwaka 1652 walisema kaffer. Waingereza waliokuja baada yao walisema Kaffir. Wafaransa na Wahispania walisema cafre. Kila lugha ikaliongezea jambo lake. Katika Kihispania cha leo cafre ni mtu yeyote mkatili au asiye na adabu, hata akiwa mweupe. Afrika Kusini lilikuwa kwanza jina ambalo Wazungu waliwaita Waxhosa na jirani zao. Mwaka 1834 mmisionari Mmethodisti William Boyce alichapisha kitabu cha sarufi ya Kixhosa, akakiita sarufi ya lugha ya Kafir. Waingereza walipoiteka sehemu ya nchi ya Waxhosa mwaka 1847, waliipa jina la British Kaffraria. Mtama, nafaka yetu sote, ukaitwa mahindi ya Kaffir. Hata London, katika soko la hisa, hisa za migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ziliitwa Kaffirs. Neno lililomhusu mtu na Mungu wake likawa jina la nafaka na la dhahabu.

Mlango unafungwa

Uzito wa badiliko hili unaonekana vizuri katika maisha ya mtu mmoja. Tiyo Soga alikuwa Mxhosa. Alisoma Scotland, akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kipresbiteri mwaka 1856, akarudi kwao kuhubiri. Ndiye aliyetafsiri kwa Kixhosa sehemu ya kwanza ya kitabu mashuhuri cha John Bunyan juu ya safari ya Mkristo. Mtu aliyetoa maisha yake yote kwa Injili namna hii, utamwitaje kafiri? Hata hivyo kwa Kiingereza cha siku zake ndivyo alivyoitwa, na walowezi walilitamka jina hilo kwa dharau. Mwenyewe alifanya jambo la ujasiri. Wanawe walikuwa na mama Mscotland, naye akawausia wasijihesabu Waingereza, bali wajihesabu Makafir, na wasione haya. Alilichukua jina kama jina la watu wake.

Lakini tutazame kilichotokea. Huyu ni mchungaji wa Kristo, naye ni “kafiri”. Kwa Kiarabu na kwa Kiswahili maneno hayo mawili yanapingana. Kwa Kiingereza yalikaa pamoja bila mtu kushangaa. Mlango wa neno ulikuwa umefungwa. Ubatizo haukuweza tena kumtoa mtu ndani yake, kwa kuwa ubatizo haubadili ngozi.

Mahali pengine mlango huo ulifungwa kwa sheria kabisa. Katika koloni la Virginia huko Amerika, Waingereza walizoea mwanzoni kutofautisha Wakristo na Negroes. Neno negro katika Kireno na Kihispania lilikuwa jina la rangi nyeusi tu, na Waingereza walilichukua huko. Kisha watumwa wakaanza kubatizwa, na mabwana wakaingiwa na hofu: je, Mkristo anaweza kumfunga Mkristo mwenzake? Mwaka 1667 baraza la koloni hilo likatunga sheria kwamba ubatizo haubadili hali ya mtumwa; aliyezaliwa mtumwa atabaki mtumwa. Tangu hapo kujiita Mkristo hakukutosha kumtenga bwana na mtumwa wake, kwa kuwa mtumwa naye alikuwa Mkristo. Polepole neno “mweupe” likashika nafasi ya neno “Mkristo”. Sisi tunaoiheshimu sakramenti ya ubatizo hatuwezi kuisoma habari hii bila kuhuzunika. Watu waliojiita Wakristo walikubali kuipunguza nguvu sakramenti yao wenyewe ili wasipoteze mali.

Sisi katika vitabu vyao

Habari hii haiko Amerika na Afrika Kusini peke yake. Imepita hapa kwetu. Kitangari, ambayo vitabu vya zamani vya misheni huiandika Chitangali, ilipokea katika mwaka 1886 shemasi Cecil Majaliwa wa misheni ya UMCA. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Unguja na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 alipadrishwa, Mwafrika wa kwanza kuwa padri katika misheni hiyo. Alihudumu hapa hadi mwaka 1897, katika mji wa Nakaam, mkubwa wa Wayao aliyebatizwa kwa jina la Barnaba.

Katika Kiingereza cha misheni za wakati ule, makasisi kama Majaliwa waliitwa native clergy. Neno native asili yake ni Kilatini, nalo lina maana ya aliyezaliwa mahali fulani. Mtu aliyezaliwa London ni native wa London, na hakuna ubaya. Lakini katika Afrika neno hilo halikuuliza mtu amezaliwa wapi. Padri Mwingereza aliitwa padri. Padri Mwafrika aliitwa padri native, kama kwamba upadri wake ulikuwa wa namna nyingine. Jina dogo kama hilo linaweza kukaa kwa muda mrefu njiani mwa watu. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Jimbo la Masasi, Hilary Chisonga, alikalia kiti chake mwaka 1968. Tangu kupadrishwa kwa Majaliwa ni miaka 78.

Katika mwaka huo huo wa 1886, Ujerumani na Ureno walipatana kwamba Ruvuma iwe mpaka wao. Ukoo mmoja wa Kimakonde ukajikuta una ndugu ng'ambo mbili za mto, chini ya lugha mbili za Ulaya. Huku Wajerumani walimwita Mwafrika Neger au Eingeborener. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alikuja kwetu mwaka 1906, akakaa Masasi, Newala na Mahuta, akaandika mila za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908 kwa jina la Negerleben in Ostafrika, yaani maisha ya Neger katika Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata kilitoka kwa Kiingereza, na mfasiri akaandika Native Life in East Africa. Watu ni wale wale, kijiji ni kile kile, nao kwa Kijerumani wameitwa kwa rangi yao, kwa Kiingereza wameitwa kwa kuzaliwa kwao. Leo Mjerumani mwenye adabu halitamki neno Neger, na Mwingereza mwenye adabu hamwiti Mwafrika native. Lakini siku zile maneno yote mawili yalichapwa kwenye jalada bila mtu kuona tatizo.

Neno Eingeborener linatugusa Wakristo kwa namna ya pekee. Kwa Kijerumani lina maana ya mtu aliyezaliwa humo humo nchini, na wakoloni walilitumia kwa dharau. Lakini katika Imani ya Mitume kwa Kijerumani cha kale, Bwana wetu Yesu Kristo anaitwa der eingeborene Sohn, Mwana wa pekee. Asili ya maneno hayo mawili ni tofauti: katika moja ein ni “mmoja”, katika jingine ni “ndani”. Lakini yanaandikwa kwa herufi zile zile na kutamkwa sawasawa. Basi mkoloni aliyekwenda ibadani Jumapili alisimama akamkiri Bwana kwa neno hilo, na Jumatatu akalitumia kumwita mpagazi wake. Tungetamani kwamba angalau mmoja wao alisita siku moja, akasikia alichokuwa anakisema.

Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, na neno likawa la sheria. Mwaka 1926 ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, na katika sheria za Tanganyika native alikuwa mtu wa asili ya Kiafrika. Mhindi aliyezaliwa Lindi, na baba yake aliyezaliwa Lindi, hakuwa native. Mtu aliyetoka Nyasaland jana kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge alikuwa native. Neno la kuzaliwa lilikuwa halina habari tena na kuzaliwa.

Ng'ambo ya Ruvuma, Wareno walikuwa na neno lao, indígena, lenye maana ile ile ya mwenyeji. Sheria yao iliwagawa Waafrika wachache walioitwa assimilados, waliohesabiwa kuwa wamefanana na Wareno kwa lugha na desturi, na wengi waliobaki indígenas, wasio na haki za raia na walioweza kulazimishwa kazi. Mwenyeji wa nchi ndiye aliyekosa haki katika nchi yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1961, wakati watu wengi wa Mueda walikuwa wamekwisha kuvuka mto kuja kwetu.

Neno lenye maana ya watu

Mwaka 1960 Jimbo la Masasi lilipata askofu aliyetoka katika nchi ambayo neno Kaffir lilikuwa limekwisha kuwa tusi kali kuliko yote. Trevor Huddleston alikuwa amefanya kazi Johannesburg, katika mtaa wa Sophiatown, tangu mwaka 1943 hadi 1956, akaupinga ubaguzi waziwazi. Alikuwa askofu wetu hadi mwaka 1968.

Huko alikotoka, serikali ya ubaguzi ilitambua kwamba neno native limechakaa, ikatafuta jingine. Ilichagua Bantu. Neno hili lilikuwa limeingizwa katika vitabu vya Ulaya karne ya 19 na mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek, alipoona kwamba lugha nyingi za Afrika zina neno moja la watu: bantu, abantu, vanu, watu. Kwetu sisi wenye Kiswahili halihitaji kufasiriwa. Ndilo neno lenyewe la utu wetu. Mwaka 1953 serikali hiyo ikatunga Sheria ya Elimu ya Bantu, iliyokusudia kumpa mtoto Mwafrika elimu ya chini kwa makusudi, na shule nyingi za misheni zikafungwa au zikachukuliwa. Baada ya miaka michache Waafrika Kusini walilichukia neno Bantu karibu kama walivyolichukia Kaffir. Neno lenye maana ya watu lilikuwa limetumiwa kuwanyima watu utu.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kubadilisha neno peke yake hakuponyi. Kaffir ikachafuka, ikaja native, native ikachafuka, ikaja Bantu, nayo ikachafuka. Uchafu haukuwa katika herufi. Ulikuwa katika kumtazama mtu na kusema moyoni kwamba hakuna kitu atakachofanya, wala kusoma, wala kubatizwa, wala kupadrishwa, kitakachomtoa hapo tulipomweka.

Vile vile majina yanaweza kurudishiwa heshima. Katika kisiwa cha Réunion, watu wenye asili ya Afrika na Madagaska wanaitwa Kaf, kutoka cafre ya Kifaransa, nao kila tarehe 20 Desemba husherehekea kwa jina hilo kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1848. Huko Sri Lanka wako wazao wa Waafrika waliopelekwa na Wareno na wakoloni wengine, nao hadi leo hujiita Kaffirs bila kuona tusi, na wengi wao ni Wakatoliki. Lakini Afrika Kusini neno hilo hilo halina pa kusimama. Mwaka 2018 mahakama ya huko ilimhukumu kifungo mwanamke Mzungu aliyelirudia mara nyingi dhidi ya askari polisi Mwafrika. Asiyejua historia atauliza ni lipi lililo sahihi. Sisi tunajibu kwamba wa kuulizwa kwanza ni yule anayeitwa. Jina ambalo mtu analiitikia kwa furaha ni jina lake, na jina analoliitikia kwa kuinamisha kichwa ni mzigo aliotwikwa.

Kinywa chetu wenyewe

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, na kuwaachia Wazungu makosa yote. Lakini Injili hairuhusu. Sisi nasi tuna maneno yetu. Ndugu zetu Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wenye chale usoni, tuliwaita Wamawia, na wengi wao hawakulipenda jina hilo. Tuliwacheka kwa chale zao, huku bibi zetu wenyewe wakiwa nazo. Tumemwita mtu mshenzi kwa sababu ametoka bara au hajaenda shule. Tena, na hili linatuhusu zaidi, tumewaita wazee wetu wasiobatizwa wapagani, si kwa kueleza hali ya imani yao, bali kwa kufunga mazungumzo nao, kana kwamba hakuna neno la hekima linaloweza kutoka kinywani mwao. Hilo ni lile lile la Wareno wa zamani: kuligeuza jina la hali kuwa jina la aina ya mtu. Na jirani yetu Mwislamu anayetuita makafiri tunamkasirikia, ingawa yeye bado ametuachia mlango.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mlima kwamba anayemtukana ndugu yake kwa neno la dharau atajibu mbele ya hukumu, akaliweka neno hilo karibu na uuaji. Petro naye, kabla ya kuingia nyumbani kwa Kornelio, alionyeshwa kwamba asimhesabu mtu yeyote kuwa mchafu au najisi. Akaingia, akala nao, akaamuru wabatizwe. Na sisi wenyewe jina letu tulipewa na wengine: huko Antiokia watu waliwaita wanafunzi Wakristo, na wanafunzi wakalikubali kwa sababu ya yule aliyemo ndani yake. Jina hilo linaweza kumpokea mtu wa rangi yoyote na lugha yoyote. Ndiyo maana tunasema kwamba lililofanyika Virginia mwaka 1667 lilikuwa kosa dhidi ya Mungu kabla ya kuwa kosa dhidi ya watu.

Basi tunapomtaja mtu, tuulize kama neno letu linamwachia nafasi ya kuingia mahali tulipo na kuketi pamoja nasi. Kama halimwachii, tuliache, hata kama wakubwa wetu walilitumia, hata kama limo katika vitabu vyetu. Padri Majaliwa alifika hapa na watu walikuwa na majina mengi ya kumwita: mtumwa wa zamani, native, Myao wa Unguja. Watu wa Kitangari waliobatizwa kwa mikono yake walimwita padri, nao wakapokea kwake Mwili na Damu ya Bwana.